Yule ndege anakuja huko kwako

Shoga yangu,

Salamu nyingi toka huku Mida, kwenye hori letu la mikoko hapa Kilifi. Sisi wazima kabisa, kaskazi linavuma, joto lenyewe unalijua, maembe ndo yanaishia ishia. Kwa mama yako nilipita juzi jioni, mzima, na mtoto wako mzima, meno ya mbele yameng'oka yote mawili sasa anaongea kwa miluzi, akanionyesha viatu ulivyotuma ati havivai mpaka shule ifunguliwe, vimelazwa kitandani kama mgonjwa. Basi hayo ya nyumbani ndo hayo, usiwe na wasiwasi.

Sasa nije kwa maneno yako. Mimi nimeweka picha moja tu kwa stetasi, gambuti miguuni na darubini shingoni, wewe meseji kumi za kucheka ati siku hizi nimeajiriwa kuchunga kunguru. Nimeona nikuandikie manake nikikupigia nakukuta kazini na bosi wako hapendi simu, na hii hadithi ni ndefu haiingii kwa sauti ya dakika moja.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiamia ndege kwenye mpunga wa hawe, bibi yangu, kule bondeni? Jua halijatoka tuko juu ya kichuguu na debe bovu na rundo la mawe, tunapiga kelele mpaka sauti inakauka, tukifika shule tumeshapigana na ndege masaa mawili halafu tunachapwa kwa kuchelewa. Mimi kule kuamia kulinifanya nichukie ndege wote bila kuchagua. Ndege kwangu alikuwa mwizi, akiwa mnene ni kitoweo, akiwa bundi ni msiba, basi, hakuna fungu la nne. Kwa hivyo cheka tu, una haki.

Ilianza kwa karo. Mtoto wa dada alipoingia sekondari pesa ikakosekana kabisa, tukauza mbuzi, bado. Kuna ile basari ya A Rocha Kenya, lile shirika la kuhifadhi mazingira, tuliyokuwa tunaisikia toka zamani, ASSETS, ilianza 2001, ile pesa wanayolipa wageni kupita daraja la kamba na mbao pale mikokoni inaingia humo, inalipia karo watoto wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na wa kando ya Mida hapa. Akaomba akapata. Sasa na nyumbani kwenu lazima muonekane, kupanda miti, kukaa mikutano, na dada alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, akanituma mimi. Nilienda kwa ajili ya karo shoga, nisikudanganye, ndege walikuwa bado kwenye mafungu yao matatu.

Halafu nikaalikwa usiku mmoja wa kuvisha ndege pete miguuni, ili wakionekana kwingine ijulikane wametoka wapi. Mwezi mwandamo, giza totoro, tumekaa kwenye tope tumetega nyavu nyembamba hata kwa mkono huzisikii, tunangoja maji yajae yawasukume ndege. Mbu hawasemeki. Nikawaza hawa wazungu na hawa vijana wana kazi ya kufanya kweli ama. Mara wavu ukatingishika, wakanipa mkononi kandege kadogo ka tope, kale tunakoona kila siku kanakimbia kimbia kando ya maji tukidhani kamezaliwa hapa hapa, nikaambiwa haka kametoka Siberia. Kepesi kuliko yai la kuku, moyo unapiga huo, nikahisi kwenye vidole. Siberia! Na mimi Nairobi nimefika mara moja kwa basi nikatapika njia nzima.

Toka siku hiyo nikawa nauliza maswali mpaka wakanichoka. Na ndo nikafika kwa yule ndege ambaye kusema kweli ndo amenifanya nikuandikie wewe.

Unamjua, umemuona utotoni mara elfu. Mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi kama jivu la buluu, mdomo mweusi mnene kama kisu cha kupasulia nazi, anatembea taratibu kama mzee wa mtaa halafu ghafla anakimbia anadaka kaa. Huku tunasema tu ndege wa kaa. Maji yakipwa wanatapakaa Mida nzima, mamia, yakijaa wanajipanga kwenye kipande cha mchanga kama wanangoja matatu. Basi huyo hapa kwetu hatagi hata yai moja. Mwezi wa nne kusi likianza anaondoka, kama majahazi ya zamani, anakuja huko kwako. Oman, na nchi za Ghuba zingine, ndo wanazalia huko. Na hajengi kiota juu ya mti, anachimba shimo refu kwenye mchanga kama kaa mwenyewe, anaweka yai moja tu jeupe, na mchanga una joto la kutosha hata hana haja ya kulikalia muda wote. Mtoto anakua ndani ya shimo analetewa kaa. Wakirudi huku wanakuja na mtoto na bado wanamlisha, utaona lijitu zima limefika kimo cha mama yake linamfuata nyuma kwenye tope linalia lia lipewe kaa. Siku ya kwanza nilipoona nikacheka peke yangu, halafu nikakukumbuka wewe nikanyamaza. Wenzako wanasafiri na mtoto, wewe hukupewa viza ya mtoto.

Haya tuache hayo.

Ile picha uliyoicheka ni ya mwezi wa kwanza, siku ya kuhesabu. Kila Januari ndege wa maji wanahesabiwa nchi nzima, na nchi nyingine nyingi pia wakati huo huo. Unasimama topeni magotini, maji yanajaa, ndege wanasogea pamoja, hapo ndo unawahi. Huhesabu mmoja mmoja ukiwa na akili timamu, unapima kumi kwa jicho halafu lile kumi unalitandika juu ya kundi lote, kumi, kumi, kumi, na yule pembeni yako anahesabu yake, mkipishana sana mnarudia. Sasa sikiliza, wenye vyeti walikuwa wanabishana wale ndege wa kaa bamvua likijaa sana wanalala wapi, kumbe kuna mzee mmoja mvuvi anapita na mtumbwi wake akasema mbona wako nyuma ya ile mikoko pale, wako pale toka mimi kijana. Tukaenda. Wako pale. Yule mzee hajui jina la ndege hata mmoja kwa kizungu, na siku hizi hesabu haianzi mpaka afike. Mimi hapo ndo niliona hii kazi yetu pia, sio ya wageni wakatuazima gambuti.

Na bundi! Ngoja nikuchekeshe. Msituni Arabuko kuna bundi mdogo, sentimita 16 hivi, unaweza kumfunika kwa kiganja, duniani yuko huku kwetu na kule chini ya milima ya Usambara Tanzania basi. Wengine wa kijivu, wengine kahawia, wengine wekundu kama udongo wa Bamba, wote ni hao hao. Watu wanapanda eropleni kutoka Ulaya kuja kumuangalia amelala. Vijana wa kuongoza wageni wanajua kila kichaka wanapojibanza mchana, wawili wawili, na wanazungusha zamu wasisumbue wale wale kila siku. Nikamwonyesha hawe picha kwa simu. Akafunika uso kwa leso, akaniambia toa mkosi nyumbani kwangu. Nikamwambia hawe, huyu mkosi ndo amejengea yule kijana wa jirani nyumba ya mabati. Akakaa kimya, akafungua jicho moja, akauliza, na huyu wa kwenye picha analipa kiasi gani? Nilicheka nikalia. Lakini usiku akilia bundi wa kawaida juu ya mwembe bado anatupa chumvi kwenye moto, hapo sijamuweza.

Sio wote wamekubali, usidhani. Msitu ni kilomita za mraba 420 hivi na watu wameuzunguka pande zote na mashamba yamekwisha. Tembo wakitoka wakala mahindi yako usiku mmoja, wewe nenda kamwambie mtu habari ya ndege asubuhi yake. Mwaka 2024 kuna wenzetu walipeleka ombi bungeni sehemu ya msitu itolewe wapewe watu. Mjomba wangu mmoja yuko upande huo, tunakula sahani moja na tunabishana sahani hiyo hiyo. Na sio mbaya mjomba, ana watoto saba. Hata ule mradi wa Kipepeo pale Gede ulianza 1993 kwa sababu watu wengi walikuwa wanataka msitu ufyekwe, wakaanza kufuga viwavi mpaka vinakuwa vifukofuko, vinauzwa ng'ambo kwenye nyumba za vipepeo, ndo baadhi wakaanza kusema ngojeni kwanza. Mimi mjomba simhubirii. Namwambia tu karo ya mjukuu wako imelipwa na nani mwaka jana, anabadilisha mada anaulizia chumvi.

Lakini ile habari ya nyuklia Uyombo hata mjomba aliandamana. Ulisikia huko? Walitaka kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia pale, karibu kabisa na mdomo wa Mida, watu wakakataa, wavuvi, kina mama, vijana, 2024 kukawa na maandamano na watu wakaumizwa. Saa hizi wanataja Siaya, kule magharibi. Mimi siwezi kusema ni ndege walioleta umoja ule, watu walikuwa wanatetea samaki wao na mashamba yao na makaburi ya wazee, ila ndege wa kaa wanalala kwenye mchanga ule ule kwa hivyo wamepona humo humo.

Mwaka juzi nikaenda Dakatcha, kule ndani nyuma ya Malindi. Vumbi mpaka kwenye meno. Kuna kwera mmoja, mweusi na njano, haishi popote duniani isipokuwa hii Kilifi yetu. Wataalamu walimpa jina lao 1913, na toka siku hiyo hakuna aliyejua anazalia wapi, miaka mia, wakamtafuta juu ya miti ya mirihi weee. Mwaka 2013 ndo viota vikaonekana, Dakatcha, kwenye majani ya bwawa la msimu, lile linalojaa mvua ikinyesha halafu linakauka. Na kama hiyo mirihi ikikatwa yote kwa makaa na kwa mashamba ya mananasi, bwawa litabaki na nani atakuja? Wenyeji wana kikundi chao kule, wanazunguka wenyewe kwa miguu, wanashika wachoma makaa ambao wengine ni ndugu zao. Ndo hao walisimama pia wakati kampuni ilitaka ardhi kubwa ilime mbono kaburi, ule mmea wa mafuta, ikashindikana. Mama mmoja aliniambia kazi ngumu sio kumshika mchoma makaa, kazi ngumu ni kukutana naye Jumapili kanisani na mke wake anakuazima chungio. Hilo sijalisahau.

Na sisi tuna yetu. Kikundi nilichoanza nacho, sikitaji jina, pesa ya miche ilipotea, mweka hazina akasema simu imeibiwa, buku limelowa, kila wiki sababu mpya, tukatupana maneno mpaka watu wakatawanyika na miche ikafa kwenye mifuko. Nililia shoga, mikoko niliichimbia mwenyewe. Sasa hivi tuko wachache zaidi na kila shilingi inasomwa mbele ya watu. Malipo yenyewe sio ya kujivunia, siku za wageni napata kitu, siku zingine nauza viazi karai kama unavyonijua.

Sasa ombi langu. Ulisema familia ya bosi wako huenda Masirah wakati wa joto na wanakuchukua uwaangalizie watoto. Masirah! Ng'ambo yake tu kuna tope kubwa linaitwa Barr al Hikman, wenzangu wakilitaja wanalitaja kama watu wanavyotaja Maka, na visiwa vya hapo karibu ndo hawa wetu wanachimba mashimo yao. Usitoke kwenda popote peke yako, sitaki ukapata shida na bosi. Lakini mkiwa pwani na watoto, maji yakipwa, angalia tu. Mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene. Ukimuona angalia miguu, kama kuna pete ama kibendera piga picha kwa simu hata kama imetoka mbaya, uniandikie rangi na ni mguu gani, kulia au kushoto. Nikipata mmoja aliyevishwa pete hapa Mida akaonekana na mtu wa Mida huko, nitaichapisha hiyo picha niitundike kwa mama yako sebuleni.

Maji yanaanza kujaa na leo ni zamu yangu darajani. Mtoto anasema umletee baiskeli. Mimi udi tu, ule mzuri, sio ule wa mwaka jana.

Wako,
Mchunga kunguru