Barua ya wazi: Mita 60 zinaanzia wapi, Mheshimiwa?

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya viwanja na mipango miji,

Salaam nyingi, na pole kwa majukumu. Bikoni mpya, zile nguzo za mipaka ya viwanja, zimesimikwa tena ufukoni mwa maziwa yetu ya Singidani na Kindai, na malori ya kifusi yamezifuata. Barua ya kuzuia ujenzi huo bila shaka iko salama kwenye faili. Kifusi nacho kiko salama ziwani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wapimaji wako wanaijua. Tatizo ni pale wanapoanzia futikamba: maji yalipo siku hiyo. Na siku hiyo huwa ni Oktoba, kiangazi kimekomaa na maji yamerudi nyuma.

Maziwa haya hayana mto wa kutolea maji. Maji yakishaingia, hutolewa na jua tu, yakaacha chumvi. Ndiyo maana kingo zake huhama: misimu miwili ya mvua nyingi ziwa linapanda, ukame ukirefuka linarudi. Penye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100, maji yakipanda mita 1 tu yanasogea mita 100. Mita zako 60 zimeliwa zote, na 40 nyingine ziko sebuleni kwa mtu mwenye risiti halali.

Kifusi hakimwokoi. Kuinua kiwanja cha mita 20 kwa 20 kwa kimo cha mita 1 kunataka mita za ujazo 400. Lori la mita za ujazo 7 litapiga safari kama 57, na kikishindiliwa kinapungua. Kikiziba njia ya maji ya mvua, yanatuama kwa jirani. Choo cha shimo kinajaa kutokea chini. Chumvi inapanda kwenye tofali, plasta inabanduka, nondo zinaliwa na kutu.

Ombi ni moja: alama ya maji ya juu, yaani kimo cha juu kabisa ziwa lilipowahi kufika, ipimwe kwanza. Haitaki semina (posho mtatusamehe). Iko wazi: mstari wa chumvi kwenye majabali, miti iliyokufa imesimama, wazee wanaokumbuka. Kimo hicho kihamishiwe ukingo mzima, zihesabiwe mita 60 kuelekea nchi kavu, zisimikwe bikoni za zege kila mita 50, ziingie kwenye ramani ya mji. Mpaka hapo, kisipimwe kiwanja hata kimoja.

Alama kwanza, Mheshimiwa. Viwanja baadaye. Alama kwanza.

Ni sisi, wapima ardhi na mafundi wa maji,
Singida