Vitamini E isiuzwe bila maswali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie uuzaji holela wa vidonge vya vitamini E hapa Mwanza. Wachuuzi wanavitembeza kama pipi, kwa ahadi ya ngozi laini na nywele ndefu, na mnunuzi haulizwi anatumia dawa gani nyingine.

Swali hilo ndilo la maana. Vitamini E ikizidi hupunguza uwezo wa damu kuganda, hivyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini au aspirini, au anayesubiri upasuaji, yuko hatarini kuvuja damu. Mtu mzima anahitaji miligramu 15 tu kwa siku, lakini kidonge kimoja cha yuniti za kimataifa (IU) 400 kina miligramu 180 au zaidi. Tena haitoki kirahisi kwa mkojo kama vitamini C; huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili. Wengi wetu tungetoshwa na karanga na mafuta ya alizeti, ambayo kusema kweli ni bei nafuu kuliko hivyo vichupa.

Nashauri waganga wakuu wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela wawaagize wenye maduka ya dawa kumuuliza kila mnunuzi dawa anazotumia na kama ana upasuaji karibuni. Vinavyouzwa mikononi viondolewe mitaani.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza