Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Amana katika Riwaya za Vita za Vijana

Ndugu wanachama wenzangu,

Mkutano wetu uliopita uliagiza tusome riwaya za vita zilizoandikwa kwa ajili ya vijana, na tutazame familia na urafiki vinawakilishwa na nini humo. Tumesoma tatu. Zote ni za Kiingereza, lakini mjadala ulikuwa wa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Vikao viwili vya wakati wa masika havikufanyika kwa sababu ya mvua. Hesabu mtasomewa na mhazini.

Kitabu kilichotushika zaidi ni Number the Stars cha Lois Lowry, kilichotoka mwaka 1989. Tuko Copenhagen, mwaka 1943, Wanazi wanawasaka Wayahudi wa Denmark. Ellen, binti wa Kiyahudi, amefichwa kwa kina Annemarie, rafiki yake. Usiku askari wanabisha hodi. Ellen ana mkufu wenye Nyota ya Daudi, alama ya Wayahudi, hajawahi kuuvua, na sasa haufunguki. Annemarie anauvuta hadi unakatika, anaufumbata. Baba anawaambia askari kwamba huyu ni Lise, bintiye mkubwa, ambaye kwa kweli alikwisha fariki. Askari wakishaondoka Annemarie anafumbua kiganja: nyota imejichora kwenye ngozi.

Sisi tuliofundisha sekondari tumezoea mwanafunzi aandike “mkufu ni taashira ya urafiki”, tumpe alama, tufunge daftari. Mimi naona tunamnyima mengi. Lugha yetu ina neno linalofika mbali zaidi, nalo ni amana. Mkufu ule si wa Annemarie. Anauficha katika mfuko wa gauni la marehemu dada yake, na vita vinapokwisha anamwomba baba autengeneze ili auvae yeye mpaka Ellen arudi. Tazameni basi: rafiki alilindwa kwa jina la marehemu, na mali yake ikalindwa ndani ya nguo ya marehemu. Mwenzetu mmoja alinyamaza kitambo kirefu tulipofika hapo, kisha akasema kwao kuna sanduku lisilofunguliwa mpaka leo.

Katika The Silver Sword cha Ian Serraillier, cha mwaka 1956, upanga wenyewe ni kisu kidogo tu cha kufungulia barua. Balicki, baba aliyetenganishwa na wanawe na vita, anauokota kwenye kifusi cha nyumba yake Warsaw. Anampa Jan, mtoto wa mitaani, kwa sharti kwamba akikutana na wanawe awaambie baba yao ameelekea Uswisi. Jan, asiye na ndugu, anaingia katika ukoo ule kwa mlango wa kutunza cha mwenzake.

A Long Walk to Water cha Linda Sue Park, cha mwaka 2010, kilitugusa kwa karibu kwa kuwa kinapita katika njia za jirani zetu. Kinafuata maisha ya kweli ya Salva Dut, aliyekimbia vita Sudan mwaka 1985 akiwa na miaka 11. Salva hana kitu mkononi. Anachobeba ni kumbukumbu ya baba akitoka sokoni na baiskeli, maembe yamepachikwa kati ya spoki, na maneno ya mjomba aliyemvusha jangwani kichaka kwa kichaka: fika pale tu, kisha pale. Mjomba anauawa. Miaka baadaye Salva anawaongoza wavulana wenzake kutoka Ethiopia kwa miguu mwaka mmoja na nusu, na zaidi ya 1,200 wanafika Kenya salama. Maneno ya mjomba ndiyo amana yake.

Kamati inapendekeza mwaka ujao tugeukie Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wapo kati yetu waliobakiwa na barua, mkanda wa kijeshi au picha ya kaka ambaye hakurudi. Kwa kikao cha kwanza naomba kila mwenye kitu cha namna hiyo aje nacho, pamoja na jina la mwenyewe.