Ndege ndogo asubuhi na jioni yatosha

Mhariri,

Kila ukizuka mjadala kuhusu safari za ndege kwenda Malindi au Lodwar, wanasiasa huja na wimbo ule ule: barabara ya kurukia irefushwe ili ndege kubwa zitue. Sawa, lakini nani atazijaza?

Dash 8-400, ndege ya pangaboi ambayo tayari hutua Malindi kwenye lami ya kilomita 1.4 hivi, hubeba abiria wapatao 78. Kwa safari fupi hula mafuta kidogo kuliko jeti. Jeti hufaidi ikiwa juu sana, na kwa mwendo wa saa moja ikishafika huko ni kama wakati wa kushuka umewadia.

Kelele zipo, sikatai. Mimi huomba kiti cha nyuma, mbali na pangaboi. Ila anayekwenda Lodwar kikazi anataka kuondoka Nairobi alfajiri na kurudi jioni bila kulipia hoteli. Jeti moja kwa siku haimsaidii. Magavana wetu wazidai kampuni za ndege safari mbili kwa siku kabla ya kudai lami zaidi.

Msomaji,
Lang'ata, Nairobi