Mheshimiwa, mkaa wa Uvinza usomwe kabla haujafukiwa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Uvinza,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa Historia hapa Uvinza. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la wananchi wote wa wilaya hii.

Mvua zilipokatika niliwachukua wanafunzi wangu wa kidato cha pili tukashuka upande wa chemchemi za chumvi, karibu na mto Ruchugi. Maji yalikuwa yamekwangua ukingo wa njia na kuacha wazi tabaka la udongo mweusi, vigae vya vyungu vimeshonana ndani yake. Msichana mmoja akachomoa kipande cha mkaa, kikubwa kama kidole gumba, akakipuliza vumbi na kuniuliza, "Mwalimu, huu ulikuwa mti gani?" Sikuwa na jibu. Hatua chache kutoka pale, udongo uleule ulikuwa ukipakiwa kwenye lori kwenda kujaza kiwanja cha mtu.

Mheshimiwa, ule si uchafu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi hizi. Walikuta mafiga ya kuchemshia maji ya chumvi, mashimo yaliyokandikwa udongo wa mfinyanzi, na vigae tele. Ya chini kabisa yalionyesha kwamba chumvi imepikwa hapa tangu karne ya 5 au ya 6. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipopita mwaka 1858 wakienda Ujiji, walikuta kazi hiyo bado ipo. Ni zaidi ya miaka elfu moja ya kupika mahali pamoja, na chumvi haipikiki bila kuni.

Sasa tazama milima yetu, na magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara. Mninga mnene mtu anautafuta siku nzima. Wale wazee waliwezaje? Ninachojua ni kwamba kazi yao ilikuwa ya kiangazi, maana masika mito hufurika na kuizamisha chemchemi. Kwa hiyo kila mwaka moto ulizimwa kwa miezi kadhaa. Sidai kwamba hawakuharibu kitu. Kule Kagera, mkaa na chavua (unga wa maua) kutoka enzi za wahunzi wa kale wa chuma vimeonyesha jinsi misitu ilivyofyekwa, na wahunzi waliofuata wakalazimika kutumia miti ya aina nyingine. Na sisi tunahitaji ukweli wetu, uwe mtamu au mchungu.

Ukweli huo unapatikana. Mti ukiungua ukawa mkaa, vitundu vyake vya kupitishia maji hubaki. Mtaalamu akikivunja kipande na kukitazama kwa hadubini, hutambua jamii ya mti, na mara nyingine kama ni gogo au kijiti. Kaboni iliyomo, ikipimwa, humpa umri wa mkaa huo. Tabaka kwa tabaka, tutajua ni lini watu walichoma magogo ya miyombo na ni lini walianza kuokota vijiti. Ofisa misitu anayepanga eneo lipi lipumzishwe, na kwa miaka mingapi, atapata wapi kumbukumbu ndefu kama hiyo?

Naomba mambo mawili. Uchukuaji wa udongo kwenye vilima vya vigae usimamishwe wiki hii, mipaka iwekwe kwa mawe, na wenyeviti wa vijiji wapewe barua; Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakupa pa kusimamia. Kisha ofisi yako iwaandikie wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waje kuchukua sampuli za mkaa, na majibu yasomwe kwanza kwenye mikutano ya vijiji, kwa Kiswahili, kabla ya kwenda kwenye majarida.

Kile kipande cha mkaa nimekihifadhi kwenye kopo la maziwa, na nimeandika ubavuni mahali tulipokiokota. Wataalamu wakifika, yule binti atawakabidhi mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Historia, Uvinza