Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Artemisia na Magugu

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mliiagiza kamati ijaribu kuzuia magugu kwa chenga za majani ya artemisia, mmea unaotoa dawa ya malaria, zinazobaki baada ya mauzo. Kazi hiyo imefanyika, na ndiyo nitakayoieleza zaidi. Hesabu za fedha atazisoma mhazini.

Artemisinini, tiba ya malaria iliyopatikana China mwaka 1972, hutengenezwa kwenye vitezi vidogo vya jani la artemisia. Jani likianguka na kuoza, dawa hiyo na nyingine zilizomo huingia udongoni na kudumaza mimea jirani. Kitaluni tulichanganya chenga zilizosagwa na udongo, tukasia mchicha pori na kishona nguo. Mbegu nyingi hazikuota. Miche iliyochomoza, ukiing'oa, unakuta mizizi mifupi yenye ncha za kahawia. Tulifurahi sana. Kisha tukasia maharage katika trei zile zile, nayo yakadumaa.

Hapo ndipo naomba tusimame kidogo. Dawa hii haijui gugu wala zao. Nimesikia baadhi yetu wameanza kuwagawia majirani chenga wamwage kwenye mahindi machanga. Tafadhali tuache. Jirani akipoteza msimu, hatutakuwa na cha kumlipa.

Matumaini yapo, tena makubwa. Mwaka 1977 huko California mkemia mmoja aliona magugu hayastawi chini ya kalistemoni, mti ule wa maua mekundu tunaoupanda barabarani. Kemikali aliyoikuta humo ndiyo iliyoongoza hadi kutengenezwa mesotrioni, dawa ya magugu inayopuliziwa mahindi bila kuyaua. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi na maabara kubwa. Yetu ni ya jembe na trei, lakini uangalifu unaotakiwa ni ule ule.

Wenye kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, wasisubiri artemisia. Wapande desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, kama wanavyofanya wakulima wa magharibi mwa Kenya. Mizizi yake huzigutusha mbegu za kiduha ziote, kisha huzizuia zisishike mahindi.

Kamati inapendekeza chenga zitumike kwenye vijia na kingo za shamba tu, na msimu ujao tujaribu nje: tuzifukie mapema, tupande mahindi kwa vipindi tofauti, tuone udongo unasafika lini. Tunahitaji vipande viwili, kimoja cha kichanga na kingine cha mfinyanzi. Aliye tayari kutoa ajiandikishe kwa katibu kabla hatujatawanyika.