Malalamiko kuhusu kunyimwa maelezo ya kiendeshi cha skana

Mbeya,
22 Septemba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Afrika Mashariki.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATAA KUTOA MAELEZO YA SKANA KWA WAANDISHI WA PROGRAMU HURIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa steshenari ndogo iliyoko Iyunga, jijini Mbeya, jirani na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaokuja kuchapa kazi zao, kutoa kopi na kuskani vyeti. Mwezi Machi 2024 nilinunua katika duka moja la Mwanjelwa mashine yenu inayochapa, kutoa kopi na kuskani, kwa shilingi 780,000, na risiti ya EFD ninayo. Niliichagua na kuacha nyingine iliyokuwa nafuu zaidi kwa sababu moja tu: ubavuni mwa boksi, chini ya Windows na Mac, palichapwa neno Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, pamoja na picha ya pengwini, nembo yake.

Kompyuta zangu tatu zinatumia Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux. Yeyote aliyewahi kuendesha steshenari anajua flashi za wateja zinavyosambaza virusi: mtu anachomeka flashi, mafaili yake yote yanageuka njia za mkato, na lawama zinamwangukia mwenye duka. Tangu nihame Windows sijalaumiwa tena kwa hilo. Wala programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoziunda) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, si kitu kigeni kwangu, kwa kuwa nilijifunza kuandika barua katika Jambo OpenOffice, ile iliyotafsiriwa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, na hadi leo nakumbuka raha ya kuona menyu nzima ikiwa kwa Kiswahili.

Mwaka wa kwanza mashine ilifanya kazi vizuri, na hilo nalikiri. Tatizo ni kwamba kiendeshi mlichotoa, au draiva kama mafundi wanavyokiita, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuiongoza mashine, ni faili lililofungwa, ambalo hakuna mtu nje ya kampuni anayeweza kulisoma wala kulirekebisha. Mwezi Mei mwaka huu, muda wa kawaida wa matunzo ya Ubuntu 20.04 ulipokuwa unafikia ukingoni, nilihamia toleo la 24.04. Kuchapa kuliendelea bila shida, maana printa yenu, kama nyingi za siku hizi, inaelewana na kompyuta kwa IPP, lugha ya wazi isiyohitaji kiendeshi cha kampuni. Skana ndiyo iliyokufa. Kifurushi chenu kinagoma kusimikwa, kikidai maktaba za zamani, yaani programu saidizi, ambazo toleo jipya halina, na kwenye tovuti yenu hakuna kingine kilichowekwa tangu mwaka 2020.

Hayo yalinikuta msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, ambao ndio mavuno ya steshenari yoyote iliyo karibu na chuo. Nilisimama mlangoni kwangu nikiwaelekeza kwa jirani vijana waliobeba bahasha za vyeti vya kuzaliwa na fomu zilizogongwa mihuri ya serikali ya mtaa, huku mashine ya shilingi 780,000 ikiwa nyuma yangu imewaka taa ya kijani.

Nilipowaandikia mara ya kwanza mlinijibu kwamba nirudi Windows. Ushauri huo haunisaidii. Kompyuta zangu ni za mtumba na hazikidhi masharti ya Windows 11, na Windows 10 yenyewe inafikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, yaani wiki tatu tu kuanzia leo. Kwa maneno mengine, ili skana yenu ifanye kazi ninatakiwa ninunue kompyuta tatu.

Jibu lenu la pili ndilo hasa lililonifanya niandike barua hii. Kuna kijana wa chuo, mteja wangu, anayeandika programu, aliyejitolea kutengeneza kiendeshi kipya bila malipo na kukipeleka kwenye mradi wa SANE, ambao ndio unaohudumia skana katika Linux. Aliwaomba kitu kimoja: orodha ya amri ambazo kompyuta huipelekea skana kupitia waya wa USB, na maana ya majibu yake. Mlimjibu kwa sentensi moja kwamba hiyo ni siri ya kibiashara.

Hakukata tamaa. Kwa jioni kadhaa alikaa dukani kwangu na laptopu ya kuazima yenye Windows, akirekodi kila baiti inayopita kwenye waya: kwanza anaskani karatasi nyeupe tupu, kisha karatasi aliyoipaka wino mweusi nusu, halafu analinganisha rekodi hizo mbili mstari kwa mstari ili abahatishe namba ipi inawasha taa na ipi inasogeza kichwa cha kusomea. Jioni ya nne taa iliwaka na kichwa kikatembea, tukapata picha ya kwanza ya rangi ya kijivu, yenye ukungu lakini inasomeka. Tulipojaribu picha ya rangi kwa ubora wa nukta 300, cheti cha kidato cha nne kilitoka kila herufi ikiwa na kivuli chekundu upande mmoja na cha buluu upande wa pili, na muhuri umepasuka kama unaonekana ndani ya maji. Anasema kasoro hiyo inatokana na rangi tatu kutosomwa mahali pamoja, na kwamba umbali kati yake ni namba ambayo wahandisi wenu wanayo kwenye karatasi. Yeye analazimika kuitafuta gizani.

Ndugu Meneja, hakuna aliyewaomba siri ya wino wala ya kichwa cha kuchapia. Mwenye mashine ya kusaga pale Uyole mkanda ukimkatikia, aliyemuuzia humtajia namba ya mkanda, na haijawahi kuwa siri ya kiwanda. Sisi tunaomba lugha ya kuzungumza na kitu tulichokwisha kukilipia.

Wala hamtakuwa wa kwanza. Mnamo Januari 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa kiini cha Linux, yaani sehemu yake ya ndani inayoongoza vifaa, alizitangazia kampuni zote kwamba wakitoa maelezo ya vifaa vyao, wajitoleaji wataandika viendeshi bure na kuvitunza, na kampuni yenye hofu iliruhusiwa kusaini mkataba wa usiri na mwandishi, ilimradi msimbo wenyewe utoke hadharani. Mwaka huohuo AMD ilianza kutoa maelezo ya kadi zake za picha. Broadcom ilifungua kiendeshi chake cha Wi-Fi mwaka 2010. Nvidia ilikaidi kwa muda mrefu, hadi Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akailaani hadharani kule Ufini mwaka 2012 kwa ishara ya kidole nisiyoweza kuieleza katika barua rasmi, lakini Mei 2022 nayo ilitoa msimbo wa sehemu ya kiendeshi chake inayokaa ndani ya kiini. Katika printa zenyewe, HP imekuwa ikitoa HPLIP, programu ya kuendeshea mashine zake katika Linux, ambayo sehemu yake kubwa ni huria, ingawa baadhi ya mashine hizo bado zinadai kijalizo, yaani programu ya nyongeza, kilichofungwa. Kampuni zote hizo zina washindani, na zote bado zinauza.

Kwa hiyo naomba mumpatie kijana huyu, au waandishi wa SANE moja kwa moja, maelezo ya amri za skana hii. Yuko tayari kusaini mkataba wa usiri wa aina niliyoitaja hapo juu. Kama maelezo hayo hayajaandikwa popote, jambo ambalo sitalishangaa, basi mhandisi mmoja ajibu maswali yake kwa barua pepe. Maswali aliyobakiwa nayo ni kumi na moja na nimeyaambatisha. Mkishindwa yote mawili, toeni picha ya pengwini kwenye maboksi yenu ili mtu mwingine asinunue kwa kuiamini, na mnirudishie fedha zangu.

Nimeambatisha pia nakala ya risiti, picha ya ubavu wa boksi na kile cheti chenye vivuli, baada ya kufunika jina la mwenyewe. Vyote nimevipiga picha kwa simu, kwa sababu mnayoijua. Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 21.

Wenu katika biashara,

Mmiliki wa steshenari,
Iyunga, Mbeya.